Mali Bila Daftari: Wanafunzi wa Nchi ya Chai na Habari za Wazee Wao

(Maneno ya mazungumzo kwa wanafunzi wa shule za sekondari, walimu na wazazi wa Kericho na Bomet)

Wahenga walisema, "Mali bila daftari hupotea bila habari." Methali hii aghalabu husemwa kwa mwenye duka anayekopesha sukari na mafuta ya taa bila kuandika majina ya wadeni wake. Lakini iko mali nyingine isiyohesabiwa kwa shilingi wala kupimwa kwa ekari, nayo hupotea vivyo hivyo. Mali hiyo ni habari zilizomo vifuani mwa wazee: jinsi nchi ilivyokaliwa, nani alifyeka msitu, nani alihamishwa, nani alirudi, na nani hakurudi.

Katika vilima vya Kericho na Bomet daftari la nchi lilikuwa kwa muda mrefu mikononi mwa wageni. Bwana Shauri aliandika taarifa yake ya mwaka. Meneja wa shamba la chai aliandika idadi ya vibarua na uzito wa majani. Mmisionari aliandika majina ya waliobatizwa. Lakini mama aliyechuma chai huku mtoto wake amelala kando ya mistari ya michai hakuandika neno. Mzee aliyechunga ng'ombe mahali palipo kiwanda leo hakuandika neno. Si kwamba hawakuwa na la kusema, hawakuulizwa.

Mazungumzo haya yanahusu kazi moja ambayo mwanafunzi wa sekondari aweza kuifanya vema kuliko mtu mwingine yeyote: kuketi mbele ya mzee wa kijiji chake, kumwuliza, kumsikiliza, na kuyahifadhi maneno yake. Kazi hii si ngeni katika masomo. Katika somo la Historia la shule za sekondari za Kenya, mwanafunzi wa Kidato cha Kwanza alifundishwa mwanzoni kabisa kwamba masimulizi ya mdomo ni moja ya asili za historia. Wanafunzi wengi walilijibu swali hilo vizuri katika mtihani. Wachache ndio waliotoka nje ya lango la shule kwenda kulitenda.

SAUTI ZILIZORUDI KAPKATET

Uko mfano mmoja uliotokea papo hapo katika nchi ya Wakipsigis, nao unafaa kutangulizwa. Mwaka 1950 bwana mmoja, jina lake Hugh Tracey, alifika Kapkatet akiwa na mashine ya kunasa sauti. Kazi yake ilikuwa kuzunguka nchi nyingi za Afrika akikusanya nyimbo na ngoma, na baadaye hazina hiyo iliwekwa katika maktaba ya muziki huko Afrika Kusini. Miongoni mwa nyimbo alizozipata Kapkatet ni zile zijulikanazo kwa jina la "Chemirocha".

Jina hilo lina kisa. Kabla ya hapo sahani za santuri za mwimbaji Mmarekani, Jimmie Rodgers, aliyefariki mwaka 1933, zilikuwa zimefika katika nchi hiyo. Watu waliisikia sauti yake ikitoka katika kisanduku bila kumwona mwenyewe, wakalitamka jina lake kwa namna ya lugha yao, likawa Chemirocha. Tracey aliandika kwamba wasichana walioimba walimdhania mtu huyo kuwa nusu binadamu na nusu paa. Maelezo hayo yakasambaa ulimwenguni pamoja na wimbo wenyewe, na watu wa mbali wakayasoma na kucheka.

Miaka zaidi ya 60 ikapita. Mwaka 2014 watu wa maktaba ile ya Afrika Kusini, wakishirikiana na wenzao wa Ketebul Music ya Nairobi, walizirudisha sauti zile Kapkatet. Wenyeji wakasikia sauti za mwaka 1950, na wazee wakapata nafasi ya kueleza kwa vinywa vyao mambo ambayo mgeni wa kwanza hakukaa muda wa kutosha kuyauliza.

Kisa hiki kina mafundisho mawili. La kwanza, kama Tracey asingalifika na mashine yake, sauti zile zisingalikuwapo kabisa; kwa hiyo anastahili shukrani. La pili, mgeni apitaye kwa siku chache huondoka na sauti lakini aweza kuiacha maana nyuma. Mwanafunzi wa Litein, wa Kabianga au wa Longisa hana upungufu huo. Anaijua lugha. Ataujua mzaha wa mzee kuwa ni mzaha. Na kama hakuelewa leo, atarudi Jumamosi ijayo kuuliza tena, kwa kuwa nyumba ya mzee iko ng'ambo ya kijito tu.

MAMBO YALIYOMO NA YASIYOMO VITABUNI

Pengine mtu atauliza, "Je, historia ya Wakipsigis haijaandikwa?" Imeandikwa, na wasomi wanastahili heshima. J. G. Peristiany alichapisha kitabu juu ya desturi zao mwaka 1939. Ian Orchardson, aliyekaa nao miaka mingi, aliacha maandishi yaliyochapishwa mwaka 1961. Kisha wakaja Waafrika wenyewe: Henry Mwanzi alitoa historia yake mwaka 1977, na Taaitta Toweett akatoa mwaka 1979 kitabu kilichojengwa juu ya masimulizi ya mdomo. Kwa upande wa Waluo, Profesa Bethwell Ogot alikwisha kuonyesha mwaka 1967, katika historia yake ya Waluo wa kusini, kwamba maneno ya wazee yakipimwa kwa uangalifu yaweza kujenga historia ya karne nyingi.

Hata hivyo kitabu kimoja hakiwezi kuingia katika kila boma. Vitabu vyasimulia safari ya Wakipsigis tangu Tulwetab Kony, yaani Mlima Elgon, na vita vyao na majirani. Lakini habari za kokwet moja, za mto mmoja, za ukoo mmoja, hazimo. Chukua habari za ardhi ya chai. Vitabu hueleza kwamba baada ya Vita Kuu ya Kwanza, mnamo mwaka 1919 na 1920, ekari zipatazo 25,000 karibu na Kericho zilitengwa kwa ajili ya maofisa wa Kiingereza waliojeruhiwa vitani, ili walime kitani. Bei ya kitani ikaanguka, mpango ukavunjika, na mashamba yakaingia mikononi mwa makampuni ya chai. Brooke Bond na James Finlay walianza kupanda Kericho katikati ya miaka ya 1920.

Hayo ndiyo yaliyomo vitabuni. Yasiyomo ni haya: siku ile ng'ombe walipoambiwa waondoke, walikwenda wapi? Kijito gani kilikuwa na chumvi ya kulamba mifugo, na leo kimezungukwa na michai? Makaburi ya nani yamebaki ndani ya mashamba? Mambo haya hayatapatikana katika ofisi yoyote, yatapatikana kwa kugo na kogo, babu na bibi, maadamu wangali hai.

Ziko pia habari za ukoo wa Talai, uliotoa viongozi wa dini walioitwa Orkoiik. Koitalel arap Samoei, kiongozi wa Wanandi, aliuawa mwaka 1905. Ndugu zake waliokuwa upande wa Wakipsigis walihamishwa mwaka 1914. Kisha mwaka 1934 Serikali ya kikoloni ilipitisha sheria ya kuwaondoa Talai wote, na watu wapatao 700, wazee, wanawake na watoto, wakapelekwa Gwassi karibu na Ziwa Victoria, nchi iliyojaa mbung'o na mbu. Hawakuruhusiwa kurudi mpaka mwaka 1962. Mtoto aliyezaliwa Gwassi mwaka 1945 alikuwa na miaka 17 ruhusa hiyo ilipotolewa. Leo ana miaka 80 au zaidi. Kila msimu wa mvua unaopita, idadi ya wawezao kusema "mimi nilikuwako" inapungua. Wakiisha, yatabaki maneno ya aliyeandika sheria, na maneno ya walioandikiwa yatakuwa yamezikwa.

Na faida yake si ya kumbukumbu tu. Mwaka 2013 Serikali ya Uingereza ilikubali kuwalipa wazee 5,228 wa Kenya walioteswa wakati wa vita vya Mau Mau. Shauri lile lilisimama juu ya miguu miwili: faili za zamani zilizokuwa zimefichwa Uingereza, ambazo kuwapo kwake kulikubaliwa mwaka 2011, na vinywa vya wazee wenyewe. Vivyo hivyo mwaka 2021 wataalamu wa Umoja wa Mataifa walieleza wasiwasi wao juu ya madai ya Wakipsigis na Talai walioondolewa katika ardhi yao, na mwaka 2022 madai hayo yakapelekwa katika Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu. Kwa hiyo mwanafunzi ajue kwamba daftari analoliandika si mchezo. Neno moja la uongo ndani yake laweza kuwaharibia wengi neno la kweli.

WATU WA LAINI

Historia ya nchi ya chai si ya kabila moja. Katika laini za vibarua walikaa Wakipsigis, Wakisii, Waluo, Waluhya na wengine, na katika maduka ya mji walikuwako Wahindi. Wengi walikuja na kipande shingoni, kile cheti cha kazi kilichowekwa ndani ya kisanduku cha bati ambacho kila mwanamume Mwafrika alilazimishwa kukivaa tangu mwaka 1920 au karibu yake. Mzee akionyeshwa kipande, au picha yake tu, hufungua midomo kuliko akiulizwa maswali kumi.

Kazi yenyewe nayo ina historia. Majani mawili na kichipukizi, kikapu mgongoni, foleni ya kupima jioni, na mnyapara akitupa majani yaliyokomaa: hayo yalikuwa maisha ya maelfu. Baadaye, kuanzia miaka ya 1950 na hasa baada ya Uhuru, mkulima mdogo akaruhusiwa na kusaidiwa kupanda michai yake mwenyewe. Shirika la KTDA liliundwa mwaka 1964, na viwanda kama vya Litein, Kapkatet, Mogogosiek na Kapkoros vikapokea majani ya wenyeji. Nani katika kijiji alipanda mche wa kwanza? Majirani walimcheka au walimfuata? Fedha ya kwanza ilinunua nini: ng'ombe, mabati, au karo ya shule?

Mambo haya nayo yanapita upesi. Mwaka 1984 Brooke Bond iliingia mikononi mwa Unilever. Mwaka 2022 mashamba yale yakauzwa tena, na mwaka 2023 mashamba ya Finlay yakachukuliwa na kampuni ya Sri Lanka. Jina langoni hubadilika na makaratasi huhama na wenyewe. Mashine za kuchuma nazo zimechukua mahali pa mikono mingi, hata mwezi wa Mei 2023 waandamanaji wa Kericho walizichoma moto baadhi yake. Siku yaja ambapo mtoto wa nchi ya chai hatajua jinsi kidole gumba na cha shahada vilivyovunja kichipukizi, isipokuwa ameambiwa na aliyekifanya.

JINSI YA KUMWENDEA MZEE

Kazi njema huanza kwa adabu. Mwanafunzi hamvamii mzee akiwa na simu mkononi kama askari aliyekuja kuchukua maelezo. Siku ya kwanza ni ya kuamkia: "Chamgei," kukaribishwa, kujitambulisha kwa ukoo na jina la baba, na kueleza shabaha ya kazi. Mzee ataka kujua anazungumza na mtoto wa nani. Siku hiyo ya kwanza isiandikwe kitu. Kama mzee anapalilia, mwanafunzi ashike jembe. Akikaribishwa mursik, anywe.

Siku ya pili waende wanafunzi wawili: mmoja kuuliza, mwenzake kutazama chombo cha kunasa sauti na kuandika majina magumu ya watu na mahali. Siku hizi simu ya mkononi yatosha, lakini ijaribiwe kwanza, itiwe umeme, na mahali pachaguliwe mbali na redio na kuku. Kabla ya neno lolote, mwanafunzi aseme kwa sauti tarehe, mahali, jina la mzee na majina yao wenyewe. Kisha amwombe mzee ruhusa, na jibu la mzee linaswe pamoja na maneno mengine. Mzee asiyetaka kunaswa sauti asilazimishwe. Yaandikwe kwa kalamu yale anayokubali yaandikwe, wala hakuna la zaidi.

Maswali yawe mafupi na yenye mlango wazi. Swali "Je, maisha ya zamani yalikuwa magumu?" hujibiwa kwa neno moja tu, ndiyo au sivyo. Lakini swali "Asubuhi ya siku ya kwanza kazini, mzee aliamka saa ngapi, na akavaa nini?" hufungua mlango mzima. Na mzee akinyamaza, mwanafunzi anyamaze pia. Mara nyingi neno lenye uzito huja baada ya kimya, na kijana asiyevumilia hulifukuza kwa swali jingine.

Mazungumzo yawe katika lugha ya mzee. Kama ni Kikipsigis, kinaswe Kikipsigis, na kama ni Ekegusii au Dholuo, vivyo hivyo. Tafsiri ya Kiswahili ije baadaye, ikiandikwa kando, na maneno ya asili yasifutwe. Maneno kama kokwet, ipinda na oret yana uzito ambao neno la tafsiri haliwezi kuubeba wote.

Wasichana wasiachwe nyuma katika kazi hii. Habari za uzazi, za njaa, za dawa za miti, za soko na za kazi ya kuchuma zimo kwa kogo, naye hatazitoa zote mbele ya wavulana. Tena, yako mambo ya jando na unyago ambayo wazee hawayasemi kwa kila sikio. Hayo yaachwe yalipo. Anayejua kunyamaza juu ya siri ndiye atakayeaminiwa na habari nyingine.

KUHESABU MIAKA BILA KALENDA

Walimu wengi huona shida hapa. Mzee asema, "Jambo hilo lilitokea zamani." Zamani gani? Lakini Wakipsigis walikuwa na kalenda yao, nayo ni rika, yaani ipinda. Marika hufuatana kwa utaratibu: Maina, Chumo, Sawe, Kipkoimet, Kaplelach, Kipnyige, Nyongi, kisha Maina tena, kama gurudumu la gari. Mzee asiyejua mwaka wa kuzaliwa wa babu yake hujua rika lake bila kusita. Mwanafunzi aulize: "Wakati huo askari walikuwa wa rika gani, na wazee wa baraza walikuwa wa rika gani?" Majibu mawili hayo huufunga wakati kama kamba mbili zinavyofunga mzigo.

Ila aangalie. Kwa kuwa gurudumu huzunguka, jina hurudi baada ya miaka ipatayo 100. Maina wa babu wa babu si Maina wa mjomba. Mwanafunzi asiyeuliza "Maina gani?" aweza kukosea karne nzima.

Majina ya watu nayo ni kalenda ndogo. Kiprop na Cherop walizaliwa mvua ikinyesha. Kipkemei na Chepkemei katika kiangazi au njaa. Kiprotich na Cherotich ng'ombe wakirudi nyumbani. Kijiji chenye wazee wengi wa jina la Kipkemei wa umri mmoja kinasema jambo juu ya mwaka fulani, na yafaa kuulizwa. Kisha ziko alama ambazo miaka yake yajulikana: reli kufika Kisumu mwaka 1901, vita vya 1914 hadi 1918, vita vya 1939 hadi 1945, Uhuru wa 1963. Mzee akisema, "Nilikuwa nimeota meno ya ukubwa bendera ilipobadilishwa," mwenye akili atahesabu.

MANENO MAWILI JUU YA JAMBO MOJA

Kijana atakapokusanya habari za wazee watatu, atashangaa kuona hazilingani. Asikate tamaa, wala asimwambie mzee mmoja kwamba ni mwongo. Mfano ni jina la mji wa Kericho wenyewe. Wengine husema linatokana na neno la Kikipsigis la dawa. Wengine husema ni jina la Mmasai wa kale, Ole Kericho. Kazi ya mwanafunzi si kuchagua kwa haraka, ila kuandika yote mawili na kuandika nani alisema nini, naye alilisikia kwa nani.

Mfano mwingine ni wa vita. Karibu na mwaka 1892 askari wa Kipsigis walipata kipigo kikubwa mbele ya Wakisii. Wakipsigis wanavikumbuka vita vile kwa jina la Mogori, kwa huzuni. Wakisii huviita Saosao, kwa fahari. Ni vita vile vile na damu ile ile, lakini majina ni mawili. Mwanafunzi wa Bomet aliyesikia habari ya Mogori kwa babu yake, akavuka mpaka akasikia habari ya Saosao kwa mzee wa Kisii, atakuwa amejua jambo ambalo kila mmoja wa wazee wale analijua nusu yake tu.

Jambo hili lina uzito katika nchi iliyoona machafuko ya mwaka 1992 na ya 2007 hadi 2008, wakati majirani walipochomeana nyumba. Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano ya Kenya, iliyotoa taarifa yake mwaka 2013, ilipokea maelezo zaidi ya 40,000 ya wananchi. Idadi hiyo yaonyesha jinsi watu walivyokuwa wakingoja kuulizwa. Lakini habari za namna hii si za kuchezewa na vijana peke yao. Mwalimu awepo, mzee akianza kulia mashine izimwe, na jina la mtu anayetuhumiwa lisitembezwe kijijini. Kumbukumbu iliyokusanywa kwa pupa yaweza kuwa kiberiti. Iliyokusanywa kwa subira yaweza kuwa daraja.

KUTUNZA DAFTARI

Kazi nyingi nzuri hufa hapa. Sauti hukaa katika simu, simu huibwa au huvunjika, na mzee naye amekwisha kuzikwa. Kwa hiyo nakala ziwe tatu, na zikae mahali patatu mbalimbali. Moja ibaki kwa jamaa ya mzee, kwa sababu mali ni yao. Ya pili iwekwe katika maktaba ya shule, pamoja na daftari lenye maneno yaliyoandikwa, tarehe, majina na ruhusa ya mzee. Ya tatu ipelekwe mahali panapodumu kuliko shule, kama vile maktaba ya chuo kikuu, au hifadhi ya nyaraka ya taifa iliyoko Nairobi.

Mtu asidhani kazi ya watoto wa shule ni ndogo. Kati ya mwaka 1937 na 1939 Tume ya Masimulizi ya Jadi ya Ireland iliwaagiza watoto wa shule za msingi kuwauliza wazazi, mababu na majirani zao habari za kale. Shule zipatazo 5,000 zilishiriki. Watoto wakaandika, katika madaftari ya kawaida ya shule, habari za visima, za dawa, za mizimu, na za njaa kuu iliyoikumba nchi ile katika miaka ya 1840. Kazi yao yote ni kurasa zipatazo 740,000, na wasomi wa leo huitumia kila siku. Huko Marekani nako, wanafunzi wa sekondari wa Rabun Gap, katika jimbo la Georgia, walianza mwaka 1966 kuwahoji wazee wa milimani juu ya kujenga nyumba za magogo na kufuga nyuki. Jarida lao, Foxfire, likawa vitabu vilivyosomwa na watu wengi sana. Watoto wale wa Ireland hawakuwa na mashine. Walikuwa na kalamu, masikio na mwalimu aliyewatia moyo.

Kericho na Bomet hazikosi vitu hivyo vitatu, na simu wanazo. Shule inaweza kuanza bila fedha: darasa moja, muhula mmoja, wanafunzi wawili kwa mzee mmoja. Mwisho wa muhula wazee waalikwe shuleni, waketishwe mbele, na wasomewe maneno yao wenyewe. Palipo na kosa mzee atasahihisha mbele ya watu wote, na hapo ndipo kazi itakapokuwa imekamilika. Wazazi nao watasikia habari ambazo hawakupata kuziuliza kwa wazazi wao, kwa kuwa waliona ziko muda wote.

Haziko muda wote. Jioni hii, katika nyumba moja juu ya kilima, nyuma ya michai, yuko kogo aliyeota moto akiwa peke yake. Anakumbuka jina la kila mto kabla haujapewa jina la shamba. Wajukuu wake wako bweni, wakikariri kwa ajili ya mtihani kwamba masimulizi ya mdomo ni moja ya asili za historia. Likizo yakaribia. Atakayefika nyumbani akaweka mfuko chini, akamsalimu, akaketi na kumwuliza, atakuwa amefungua daftari ambalo hakuna duka liliuzalo. Na atakayesema, "Nitamwuliza likizo ijayo," na aikumbuke ile methali ya mwanzo.